Nyongeza Inayokuja Hivi Karibuni

Nyinyi wasichana na wavulana wa Garsen mnaotaka kufungua vibanda, na nyinyi wengine mliokwisha kuvifungua na sasa mnakaa ndani mkitazama simu huku mteja amesimama mbele yenu akikohoa apate kuonekana: haya ni yenu. Niliuza mchele na kambare wa moshi katika soko hili mpaka magoti yakakataa. Shule niliiona kidogo, nikatolewa nikalee wadogo zangu, na herufi nilizimalizia ukubwani kwenye ngumbaru. Kwa hiyo mkikuta kosa la kuandika, nisameheni. Mkikuta kosa la biashara, someni tena, huenda ni lenu.

Nitaanza na nyongeza, kwa sababu ndiyo iliyokaribia kutufungia kibanda.

Mnaijua nyongeza, hata wale wenu mnaojifanya hamjui. Umempimia mtu kibaba, umekijaza mpaka kimechongoka, umemmiminia kwenye mfuko, kisha mkono wako unarudi guniani na kumtilia kiganja kimoja juu. Haikuandikwa popote. Yeye hakuidai, wewe hukuitaja. Lakini siku usipoitia ataondoka akiugeuzageuza ule mfuko kama mtu aliyesahau kitu, na safari nyingine utamwona kibanda cha jirani, akikupungia mkono kwa heshima zote.

Aliyenifunza ni Bi Zamzam wa Ozi, Mungu amrehemu. Mimi ni Mgiriama. Marehemu mume wangu alinileta huku kutoka upande wa Malindi, tukitafuta ardhi yenye maji. Maji tuliyapata. Msimu uliofuata yaliingia nyumbani bila hodi yakaondoka na kuku na masufuria. Ndipo nikaja sokoni kutafuta la kufanya, na Bi Zamzam akanisogezea kona ya jamvi lake. Hakuniuliza nimetoka wapi wala nimesoma nini. Alinishika mkono, akaugeuza, akatazama kiganja.

"Kidogo hiki," akasema. "Wewe utaongeza mara mbili."

Huo ndio uliokuwa usaili wangu wa kazi. Nyinyi leo mnapeleka karatasi na picha.

Bi Zamzam alikuwa na kanuni zake, na kila kanuni ilikuja na pigo la kipepeo cha ukindu, kile cha kupepea moto, mgongoni mwangu. Nyongeza huchotwa kwa kiganja kizima. Ukichota kwa ncha za vidole kama unayeokota sindano, afadhali usichote. Huulizi "nikuongezee?" kwa sababu umemfanya mwenzio aombe. Unaitia kabla hajafunga mfuko, si baada, maana kumfungulisha mtu mfuko ni kumpa kazi. Mjamzito huongezwa tena, na akikataa unamwambia hiyo si yake, ni ya aliye tumboni. Aliyefiwa unamwongezea kimya, hata macho humwinulii.

Juma langu la kwanza alikuja mkulima mmoja kutoka Kau, mtumbwi ameufunga mtoni, ana haraka. Mimi nikataka kumfurahisha. Nikamtilia nyongeza kwanza, ndipo nikaanza kupima. Yule mzee akafunga mdomo wa mfuko kwa mkono wake.

"Hicho kilichotangulia ni cha nini, mama?"

"Ni nyongeza yako, baba."

"Nyongeza ya nini, na hujaniuzia kitu? Ama ni mchele wa mwaka jana unatafuta pa kuutupa?"

Akaumwaga wote kwenye jamvi, punje kwa punje, akaondoka. Kipepeo kikanishukia. Bi Zamzam akaniambia kinachotangulia kipimo ni chambo, na watu wa mtoni chambo wanakijua vizuri, wanakitumia kila siku.

Lingine alilonifunza ni upepo. Kambare mzuri wa moshi ananukia, na sisi tunaomla tunamsikia tangu barabarani tukameza mate. Lakini wafugaji wengi wanaokuja hapa kununua mchele samaki hawamli, wala hawataki harufu yake iwafuate nyumbani. Kwa hiyo asubuhi, kabla hujatandika chochote, unatazama vumbi linaelekea wapi. Mchele unakaa upande upepo unakotoka. Kambare anakaa unakokwenda. Upepo ukigeuka, nawe unageuka, hata kama umekaa kitako unakunywa chai. Hapakuwa na simu ya kutukumbusha kwa mlio. Tulikuwa na pua.

Na kambare mwenyewe, kwa kuwa wengi wenu mnanunua kwa macho: mshike kichwa na mkia, umkunje kidogo. Akikubali kukunjika, ndani kuna maji, atafanya funza kabla ya wiki. Akikatika kwa mlio, amekaushwa kwa pupa, nje mkaa na ndani mbichi. Unayemtaka ni yule anayekukatalia kwanza, kisha anapasuka polepole.

Zikaja mizani. Walikuja watu wa serikali wakasema vibaba basi, kila mtu apime kwa kilo. Soko zima likaingia huzuni. Wengine wakasema sasa nyongeza imekufa, maana mizani inasema kilo ni kilo. Bi Zamzam akanunua mizani kama wote. Siku ya kwanza akaweka mchele, akangoja mshale utulie, akamwonyesha mteja, akamsomea kwa sauti.

"Umeona? Hiyo ni ya serikali."

Kisha akachota kiganja akakitia juu, mshale ukaruka.

"Na hii ni yangu."

Nimeuza hivyo mpaka nilipostaafu. Wala sijawahi kusikia mtu akilalamika kwamba mizani yangu imekosea upande ule.

Sasa tuje kwenye simu, najua ndiyo mnayoingojea.

Kibanda nilimwachia Neema, mke wa mwanangu Kazungu. Neema ana akili. Amemaliza sekondari, hesabu anazipiga angani, na hawaibii watu. Alipoingia aliweka programu moja ya simu ya watu wenye maduka. Jina lake silitaji, sina sababu ya kuitangazia biashara. Ilikuwa ya bure. Inamwandikia alichouza, inamwambia mchele unakaribia kwisha, inampigia jumla jioni. Sina neno nayo. Ilifanya kazi, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo: kilichotolewa bure kilikuwa kizima, kilicholipiwa ndicho kilichokuja kwa vipande.

Maana baadaye ilikuja ya kulipia. Iliitwa Dhahabu. Iliteremka Garsen na kijana mmoja anaitwa Kevo, fulana ya manjano, spika, na mwavuli mkubwa kuliko kibanda chetu. Siku hiyo mimi nilikuwa nimekuja kutazama tu, kama wastaafu wanavyotazama, yaani kutafuta makosa.

"Shosho, sasa hii ni levo ingine," akaniambia.

"Shosho ni wa kwenu bara. Hapa wajukuu wananiita Hawe. Ukishindwa, mimi ni Mama Kazungu."

"Sawa, Hawe. Hawe, na Dhahabu mnapata vitu kibao. Bonasi juu ya bonasi."

"Ziko wapi?"

"Ziko kwa sistimu."

"Huko kwa sistimu, nikitia mkono nazifikia?"

Akacheka. Neema naye akacheka, lile cheko la mkaza mwana anayeomba ardhi impasukie. Kevo akazitaja bonasi zake kwa vidole, na alizitaja vizuri, siwezi kumnyima haki. Sauti ya kumsomea muuzaji asiyejua kusoma, kwa Kipokomo, Kiorma na Kigiriama. Kufanya kazi bila mtandao. Bei za Malindi na Mombasa kila asubuhi. Na kubwa lao, pointi za wateja. Kila anayenunua anatoa namba yake ya simu, anaingizwa, anapewa pointi. Pointi zikijaa, anabonyeza kitufe, anapata zawadi. Unga, sukari, mafuta ya kupikia.

"Anayelipa ni nani?" nikauliza.

"Kampuni, Hawe. Nyinyi hampotezi hata punje."

Kampuni iliyoko sijui wapi itampa sukari bibi wa hapa kwa kununua mchele kwa Neema. Mimi nimeolewa, nimezaa, nimezika. Nikanyamaza.

Neema hakunyamaza. Jioni alinipigia hesabu. "Mama, ukijumlisha vile viganja vya nyongeza, mwisho wa msimu ni magunia tunayogawa. Hawa wamejitolea kugawa badala yetu. Mteja anapata zaidi, na sisi tunabaki na mchele wetu. Nani anaumia?"

"Kibanda ni chako," nikasema. Mstaafu akisema kibanda ni chako, mjue amesema hapana. Neema hajui lugha hiyo bado. Akalipia Dhahabu, na mkono wake ukaacha kurudi guniani.

Mwanzoni watu walifurahi, tuseme ukweli. Kila mtu alitoa namba. Wasio na simu walitoa za wajukuu. Bibi mmoja alitoa namba ya mwanawe anayechunga ng'ombe, kwa hiyo pointi zake zikawa zinatembea maporini kwenye vichaka vya mathenge, yeye yuko hapa anauliza zimefika wapi. Neema akipima, anausawazisha mshale wa mizani kama anayepima dawa, kisha anasema kwa furaha, "Na pointi zako nimekuwekea!" Mtu anatazama mfuko, anatazama simu, anatazama mfuko.

Zile bonasi nyingine nazo zikaanza kufika. Sauti ilikuja. Kipokomo hakikuja, Kiorma hakikuja, na Kigiriama hakikuja. Alikuja mwanamke mmoja mwenye Kiswahili cha redio, anasema, "Umeuza. Mchele. Kilo. Moja," kwa masikitiko ya kutangaza msiba. Wateja wakawa wanajibu pole.

Kufanya kazi bila mtandao ilifanya, ila ilitaka mtandao kwanza, ihakikishe kwamba umelipia kufanya kazi bila mtandao. Na mtandao wetu hapa mnaujua, wingu likipita tu unakwenda kujikinga.

Bei za Malindi zilikuja za maparachichi. Kambare hakuwamo kabisa. Neema alipotafuta samaki aliletewa picha ya samaki mwekundu wa baharini, na chini yake: wasiliana na muuzaji. Muuzaji ni yeye.

Na zawadi? Zawadi ilikuwa na kitufe chake, kizuri, kimechorewa kiboksi chenye utepe. Rangi yake ya kijivu. Ukikibonyeza hakizami. Chini kimeandikwa: Inakuja hivi karibuni.

Nimengoja vitu vingi katika kazi hii. Nimengoja mitumbwi ya Kau niliyoambiwa imekwisha kukunja kona. Nimengoja lori lililosemwa liko Hola, kumbe dereva bado yuko kwao anaoga. Lakini hao ukiwangoja una mtu wa kumtukana. Unajua sura yake, unajua na mama yake. Hivi karibuni ya simu haina mama.

Wateja walianza kuja nyumbani kwangu. Hawakuanza na lawama. Wanakaa, wananipa habari za mvua, wanauliza magoti yangu, kisha: "Hawe, hivi ile nyongeza yetu iko wapi?" Mmoja akasema amebonyeza mpaka kidole kimeota sugu. Mwingine akaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama tumeudhiana kitu. Huyo ndiye aliyeniumiza. Alikuwa amekaa nyumbani kwake akichambua ni lini alinikosea.

Pembeni mwa kibanda chetu anauza Mama Riziki. Yeye hana Dhahabu wala fedha. Ana kiganja tu, tena kikubwa. Foleni ikahama taratibu, mtu mmoja mmoja, bila kelele, wakipita kwetu wakisalimia vizuri. Kuna wateja wanaokutukana, hao wana nia ya kurudi. Anayekusalimia vizuri huku anapita, huyo amekwisha kwenda.

Hapo bado tulikuwa tunapumua, kwa sababu ya Mama Halima.

Mama Halima ni Muorma mwenye duka Bangale. Huko barabara ni ya kumwomba Mungu, kwa hiyo haji kila siku. Akija, anakuja na lori, na anabeba mchele kuliko soko zima likijumlishwa. Kibanda chetu kilikuwa kinaishi kwake. Karo za watoto wa Neema, chakula cha nyumba, kambare tunaowachukua kwa akina mama wa Ozi, vyote vinatembea kwa sababu lori la Mama Halima linarudi. Mimi nilimuuzia tangu akiwa msichana anayetumwa na mamake, na siku zote, baada ya gunia la mwisho kushonwa, nilimjazia kitambaa chake mchele wa mkono, wa kupika njiani. Kila safari. Ndiyo iliyokuwa desturi yetu sisi wawili.

Safari yake ya kwanza baada ya Dhahabu, Neema hakumjazia kitambaa. Alimwingiza namba. Akamwambia, "Mama, wewe ukija tena utakuta zawadi kubwa kuliko wote." Mama Halima akasema haya, akakunja kitambaa chake kikavu, akaenda.

Akaja tena. Mimi niliitwa, Neema alikuwa ameona sura yake imekunjana. Nilifika na fimbo yangu nikakuta magunia yamekwisha kupakiwa nusu, Mama Halima amekaa kwenye kiti, simu yake ameinyoosha mbele.

"Neema, wewe ulisema mimi nikija tena nitapata. Mimi nimekuja tena."

"Mama, una pointi nyingi sana, umewapita watu wote. Ila kile kitufe bado. Inakuja."

"Inakuja na gari gani?"

"Si gari, Mama. Inakuja tu yenyewe, kwa simu."

"Imefika wapi sasa?"

Neema akatazama simu kweli, kana kwamba angeona iko Hola. Makuli walikuwa wamesimama na magunia mabegani, wanasikiliza. Soko lote lilikuwa linasikiliza. Mama Riziki alikuwa anapanga mchele ambao ulikwisha kupangika.

Mama Halima akainuka. "Basi pesa yangu pia inakuja," akasema. "Hivi karibuni." Akawaambia makuli washushe.

Nikamsogelea. Nikamshika mkono, nikamwambia, mwanangu, kaa, usiondoke na hasira, mimi mwenyewe nakujazia sasa hivi. Hakunitoa mkono. Alinitazama kwa huruma, na huruma ya mteja, vijana wangu, ni kitu kibaya sana.

"Mama Kazungu, mimi sinunui hapa kwa sababu mchele yako ni tamu. Mchele ni mchele. Nanunua kwa sababu mkono yako inanijua. Sasa mkono imeingia simu. Simu hainijui mimi."

Lori likaondoka tupu kuelekea juu, atafute pengine. Neema alikaa chini nyuma ya magunia akajifunika uso kwa leso. Mimi nikarudi nyumbani na fimbo yangu. Maneno niliyokuwa nayo wakati ule yangekuwa mengi.

Tukawapigia watu wa huduma kwa wateja. Kwanza tulipewa muziki. Katikati ya muziki sauti inasema simu yako ni muhimu kwetu, kisha muziki tena. Nikamwuliza Neema kama hawa ni kampuni au ni harusi. Akawaandikia. Walijibu upesi sana, nikapata tumaini. "Habari Neema! Asante kwa kuwa mteja wetu wa Dhahabu! Maoni yako yanatufanya tuwe bora." Na ua jekundu. Neema akaandika tena, kwamba amepoteza mteja. Wakamjibu, "Habari Neema! Asante kwa kuwa mteja wetu wa Dhahabu!" Na ua lingine.

Kevo alipita siku moja, bila mwavuli, amekuja kununua kambare wa kupeleka kwao. Nikamkaribisha vizuri. Anafikiri wazee hawana kumbukumbu.

"Bonasi zetu, mwanangu?"

Akashusha mabega. "Hawe, hata mimi wamenikwamisha. Walisema nikiuza Dhahabu soko mzima napewa simu mpya."

"Ikawaje?"

"Wanasema inakuja."

Nikamtazama, nikaona mtoto wa watu tu, viatu vimekwisha. Nikamfungia kambare wake, kisha nikamtilia mwingine juu.

"Huyu wa nini, Hawe? Sijamlipia."

"Hiyo ndiyo bonasi. Mtazame vizuri. Ana mkia."

Basi tukangoja, kwa kuwa Neema alikuwa bado anangoja, na mimi nilitaka afike mwisho wa kungoja mwenyewe. Mkitaka kumfunza mtu, msimwamshe katikati. Asubuhi moja nikamsikia anakimbia uani na mswaki mdomoni.

"Mama! Imesasishwa! Kile kitufe si kijivu tena!"

Kweli, kilikuwa kijani kama nyasi baada ya mafuriko. Kazungu akaja, mimi nikaja, tukasimama watatu juu ya kisimu kile. Neema akabonyeza. Kikazama vizuri. Ukafunguka ukurasa wenye maua, ukasema: Hongera! Zawadi za Wateja sasa zinapatikana kwenye Almasi. Panda daraja leo.

Almasi ni nini? Almasi ni juu ya Dhahabu. Unalipa zaidi.

Kisha Kazungu, mwanangu wa kumzaa, ambaye nilidhani nimemlea, akasema, "Mama, tumekwisha kuingia mtoni. Afadhali tuvuke tu."

"Ng'ambo unaiona?"

"Si wamesema wenyewe kwamba sasa inapatikana?"

"Mimi naona viboko tu."

Nikamtazama Neema. Kidole chake kilikuwa juu ya kile kitufe, hakijashuka. Hapo ndipo nilipoogopa, kuliko siku lori lilipoondoka. Mteja akienda unaweza kumfuata. Lakini mtu aliyeanza kununua nyongeza ili awape watu nyongeza aliyowaahidi kwa sababu aliahidiwa nyongeza, huyo utamfuata wapi?

Akakiondoa kidole mwenyewe. Nashukuru Mungu, maana mimi fimbo nilikuwa nimekwisha kuishika vizuri.

"Sasa nifanyeje, Mama?" akasema. "Watu wana pointi zao. Na hii programu haisemi pointi ni sawa na kitu gani. Sijui nani namdai nini, nani ananidai nini."

"Wao wanajua."

"Watadanganya!"

"Watadanganya wale wanaodanganya kila siku. Nimewauzia miaka yote, na hata waongo wanakula wali."

"Lakini Mama, si sisi tulioahidi. Ni kampuni."

Hili ndilo nataka mlishike, nyinyi mnaosoma, kuliko mambo yote ya upepo na mikia ya kambare. Nilimwambia, kampuni haikumpimia mtu mchele. Kampuni haikumtazama Mama Halima usoni ikamwambia ukija tena utapata. Midomo iliyosema ni yako, Neema, na kibanda kilichosikika kikisema ni chetu. Aliyekudanganya wewe, mfuate huko kwa wakati wako, na maua yake. Hao uliowaambia wewe hawana shida naye. Hawamjui.

Akaitikia kwa kichwa, machozi yanamtoka. Kazungu akaanza kusema kitu kuhusu mvua na barabara ya Bangale, nikainua mkono akanyamaza. Nikawaambia:

"Kesho hatuuzi. Kazungu, utapanda lori la kwanza linalokwenda Bangale na gunia moja, umkabidhi Mama Halima mkononi, useme limetoka kwangu, na neno simu lisitoke kinywani mwako. Neema, utakaa kibandani tangu asubuhi. Kila aliyekupa namba muite kwa jina, umuulize yeye mwenyewe anadai nini, na atakachosema umpe kwa kiganja kizima, bila kubishana, ukimtazama usoni. Na mpaka apate wa mwisho, katika nyumba hii hakuna atakayekula wali, na mimi nikiwemo. Tieni maji ya ugali jikoni."